Ndoo ya Juu ya Kabati

Ilikuwa ndoo ya rangi, lita ishirini,
ubavuni imebaki na tone la kijani
la ukuta wa zahanati ambako mama alifanya kibarua.
Aliisugua kwa mchanga siku mbili,
akaipandisha juu ya kabati, akatuambia:
"Hii si ya kesho. Hii ni ya usiku ule."

Usiku upi, hakusema.
Sisi wa Mabatini tuliujua bila kutajiwa.
Mto Mirongo ulipita nyuma ya choo chetu,
na mvua ikikaza kule milimani
mto huingia ndani bila hodi.

Humo aliweka michembe, vibaba viwili,
dagaa wakavu wanaolia kama kokoto ukiwatikisa,
chumvi, vidonge vya kutibu maji, bandeji,
mishumaa minne, viberiti viwili ndani ya nailoni,
betri za redio,
vyeti vyetu vya kuzaliwa na kadi yangu ya kliniki
(nilikuwa na miaka kumi na minne, bado kadi ilitunzwa),
elfu kumi mbili zilizokunjwa mpaka zikawa kidonge,
na filimbi ya baba,
marehemu Mhoja, mwamuzi wa ndondo,
aliyewahi kufukuzwa uwanjani na timu zote mbili.
Tuliicheka ile filimbi.
Ya nini? Mto upewe kadi nyekundu?

Lakini siku za kawaida zina mikono mirefu.
Jumanne umeme ukakatika, mshumaa ukashuka.
Mwalimu akadai mchango wa mtihani, elfu kumi ikashuka.
Shija akachukua betri asikilize mechi.
Shangazi Kabula akaja bila taarifa na watoto wanne,
michembe ikachemshwa jioni ile ile, kwa karanga.

Mama alikuwa na sheria moja: anayechukua, aandike.
Basi ndoo ikajaa karatasi.
"Kiberiti 1. Nitarudisha Ijumaa. Sayi."
"Betri 2. Mwisho wa mwezi. Shija."
Na mwandiko wa mama mwenyewe, ulioinamia kushoto:
"Dagaa wote. Mungu anajua."

Usiku ule ulikuja Aprili, saa tisa.
Niliamshwa na baridi ya mgongo:
godoro lilikuwa linakunywa.
Sufuria ziligongana gizani zikitafuta mlango.
Mama akasimama kitandani, akaishusha ndoo, akafungua.
Vyeti. Na madeni.
Akayapapasa makaratasi yale kwa vidole,
kama mtu achambuaye mchele bila taa,
mpaka akagusa kitu kidogo, cha chuma,
ambacho katika nyumba yenye shida zote hizo
hakuna aliyewahi kukikopa.

Akapuliza kama mtu aliyeonewa.
Akapuliza penalti, akapuliza kuotea,
akapuliza mwisho wa mchezo,
na mchezo ulipokataa kwisha, akaendelea.

Kule juu kwenye mawe tochi moja ikawaka.
Halafu mbili. Halafu sikuhesabu.
Mbuke, muuza mkaa, akateremka
na kamba yake ya kufungia magunia, akifoka:
"Refa! Refa uko wapi?"
Tukayapanda mawe kwa magoti,
mama wa mwisho, vyeti kifuani,
filimbi bado i mdomoni,
kila pumzi yake ikitoka na mlio.

Sasa ninakaa Buhongwa, kiwanja kikavu, bati jipya.
Nina ndoo. Yangu nyeupe.
Jana nilipanda kwenye stuli nikahesabu:
michembe ipo, mishumaa ipo, pesa ipo nusu,
na karatasi ya daftari la hisabati, imekunjwa mara nne:
"Mama, kiberiti. Narudisha. Nkwimba."
Ana jina la bibi yake, na mwandiko unainamia kushoto.

Nilikaa nayo mkononi, sikumwita.
Nikaitafuta filimbi chini kabisa,
nikaipuliza kidogo tu,
Mbuke wa huku asije akatoka na kamba.

Inalia.